Linux Mint kwenye flashi: imeokoa mafaili ya laptopu iliyogoma kuwaka, haya ndo maoni yangu

Kama kompyuta yako imegoma kuwaka, inaganda kwenye nembo au inajizima na kujiwasha na skrini ya bluu, na fundi kashakwambia dawa yake ni kuipiga Windows upya, muombe asubiri kwanza. Sisemi mafundi ni wabaya, wapo wazuri sana na wanatusaidia mno, ila kupiga Windows kunarudisha mashine, hakurudishi picha za watoto wala ripoti ya chuo. Kuna kazi inatakiwa itangulie, nayo ni kuyatoa mafaili nje, na kwa kazi hiyo nimetumia Linux Mint, mfumo wa kuendesha kompyuta kama ilivyo Windows, nimeridhika nayo kiasi kwamba nimeona niielezee hapa kwa urefu.

Laptopu yenyewe ni ya dada yangu. Umeme ulikatika katikati ya apdeti, betri ni ya zamani haishiki chaji, ikazima, na tangu hapo Windows haifiki popote, inaandika inajirekebisha halafu inarudi palepale. Ndani kuna utafiti wake wa shahada, hesabu za duka, picha za wanae tangu wanazaliwa, na bakapu hamna. Alipoipeleka kwa fundi akaambiwa data zitaondoka, ndo kawaida. Aisee, sio kawaida kabisa, na inaniuma kwamba kuna watu wameambiwa hivyohivyo wakakubali wakapoteza vitu vya miaka.

Windows kufa ni jambo moja na mafaili kupotea ni jambo lingine. Mnakumbuka Julai 19, 2024, ile apdeti mbovu ya CrowdStrike, kampuni ya ulinzi wa kompyuta, ilivyoangusha kompyuta kama milioni 8.5 kwa makadirio ya Microsoft, ndege zikalala viwanjani, hospitali na mabenki yakakwama? Mashine zile zilikuwa haziwaki, lakini nyaraka za watu zilikuwepo ndani vilevile, kilichotakiwa ni kulifikia faili moja bovu na kulifuta. Ndo hivyo hata kwa laptopu ya nyumbani, mara nyingi diski ni nzima na mafaili yako yametulia, kilichoharibika ni ile njia ya Windows kuamka.

Sasa Linux Mint inaingiaje hapo? Inawaka yenyewe kutoka kwenye flashi bila kuinstoliwa, inatumia flashi hiyohiyo na RAM (kumbukumbu ya muda ya kompyuta), diski yako haiguswi mpaka wewe uamue. Ukishaingia unakuta deskitopu ya kawaida, ina menyu kushoto chini kama Windows, unafungua folda, unaiona diski ya ndani, unakopi kwenda diski ya nje. Ni bure, hakuna kulipia wala kuikreki. Inachokula ni bando kwasababu faili lake linakaribia GB 3, kwahiyo tafuta waifai. Ulishushe kwenye tovuti yao linuxmint.com ukiwa kwenye kompyuta nzima, halafu tumia programu ndogo inaitwa Rufus kuliandika kwenye flashi ya GB 8 hivi au zaidi, na ujue flashi hiyo itafutwa yote kwahiyo isiwe yenye vitu vyako. Kwa mashine za zamani zenye RAM ndogo chukua toleo la Xfce, ni jepesi kuliko toleo lao kuu la Cinnamon.

Sehemu inayosumbua watu ni kuifanya mashine iwake kutoka kwenye flashi. Kuna kitufe cha kuleta menyu ya kuwashia: Dell na Lenovo nyingi ni F12, HP bonyeza Esc halafu F9, Asus mara nyingi ni Esc, na unabonyeza mfululizo mara tu unapowasha, sio ukisubiri mpaka nembo iondoke. Acer nyingi zina F12 pia ila inakuwa imefungwa, inabidi uingie BIOS (mipangilio ya mashine yenyewe) kwa F2 uifungue kwanza. Baadhi ya Lenovo zina kikitufe kidogo pembeni, kingine kimezama ndani ya tundu unakichoma na pini, hicho kinakuletea menyu hata kama kibodi inakusumbua. Secure Boot, ule ulinzi wa mashine unaokagua kinachowaka, usihangaike kuizima, kwa kawaida Mint inawaka nayo. Ukifika kwenye deskitopu utaona ikoni imeandikwa "Install Linux Mint", hiyo achana nayo kabisa, usiibonyeze hata kwa kujaribu, maana hapo ndo unaweza kufuta ulichokuja kukiokoa.

Kwenye laptopu ya dada diski ilionekana vizuri lakini nilipoibonyeza ikagoma kufunguka, ikaleta ujumbe mrefu wa kosa. Hii inatokea sana na sababu yake ni kwamba Windows za kuanzia 8 ukizima hazizimi kabisa, zinalala nusu ili kesho ziwake haraka, au kama ilivyokuwa hapa zimezimika vibaya, na Linux inaogopa kuandika kwenye diski iliyo kwenye hali hiyo. Uoga huo ni mzuri. Huhitaji kuandika, unahitaji kusoma tu. Unafungua programu ya Disks iliyomo humohumo, unaangalia jina la ile patisheni (kigawanyo cha diski) kubwa, tuseme ni /dev/sda3, unafungua taminali, yaani dirisha la kuandika amri, unaandika

sudo mount -t ntfs-3g -o ro /dev/sda3 /mnt

hiyo "ro" maana yake ni kusoma pekee, halafu unaenda kwenye folda ya /mnt unakuta kila kitu. Mtandaoni utakutana na watu wanaosema tumia ntfsfix, programu ya kurekebisha diski ya Windows, au ufute faili la hibanesheni, yaani la ule usingizi wa Windows, mi nasema hayo yasubiri mpaka mafaili yawe yametoka, ukishayakopi fanya unachotaka.

Mali zenyewe zipo kwenye Users, ndani ya jina lako: Desktop, Documents, Pictures, Downloads. Hapo wengi wanaishia, ila angalia na AppData ambayo kwenye Windows huwa imefichwa na hapa inaonekana wazi, kwasababu programu kibao zinaweka data zake humo. Folda ya Chrome iko kwenye AppData/Local/Google/Chrome, bukumaki unaweza kuzihamisha lakini paswadi ulizohifadhi zimefungwa kwa akaunti ya Windows ileile kwahiyo ukizikopi tu hazitafunguka kwingine. Wanaotumia Outlook ya zamani watafute mafaili ya pst, ndo yanabeba barua pepe. Programu za hesabu za dukani nazo wakati mwingine zinaweka data nje kabisa ya Users, moja kwa moja kwenye C, kwahiyo pitia na huko. Na kama ulikuwa na OneDrive, mafaili yaliyokuwa mtandaoni tu hayapo kwenye diski, hayo utayachukua kwa kuingia kwenye akaunti. Diski ya nje unayokopia iwe imefomatiwa kwa exFAT au NTFS, maana FAT32 haipokei faili linalofika GB 4, video ndefu inakatalia hapo.

Haya, mapungufu, maana sio kila kitu kitamu. Kubwa ni BitLocker, kufuli ya Windows inayoficha kila kilichomo kwenye diski. Laptopu nyingi mpya zinakuja zimefungwa hivyo, na Windows 11 toleo la 24H2 likiinstoliwa upya na akaunti ya Microsoft linajifunga lenyewe bila mtu kukuuliza, kwahiyo una diski nzima lakini huwezi kuisoma bila ufunguo wa tarakimu 48. Ufunguo mara nyingi umehifadhiwa kwenye akaunti yako ya Microsoft, ingia kwa simu utaukuta, na kama ni kompyuta ya ofisi waulize watu wa IT. Usipoupata, Mint haitakusaidia na fundi naye hatakusaidia, na anayekwambia ana programu ya kuipita hiyo kaa naye mbali. Kama mashine yako inawaka sasa hivi nenda kauangalie huo ufunguo leo na uuandike mahali.

La pili ni diski yenyewe kuwa inakufa, na hapa nataka watu wawe makini sana. Kwenye Disks kuna sehemu ya SMART, ripoti ya afya ya diski, ukiona inalalamika sekta mbovu, au kukopi kunaganda kila baada ya muda, acha kukopi kwa mkono kwasababu kila jaribio linaichosha zaidi. Tumia ddrescue, kwenye Mint unaipata kwa jina la gddrescue, yenyewe inavuna kwanza sehemu nzima za diski halafu ndo inarudi kwenye mbovu, na ukiitajia faili la kumbukumbu inaandika humo ilipofikia ili ukikatikiwa umeme uendelee. Inakutengenezea nakala ya diski nzima kwahiyo uwe na diski nyingine kubwa kuliko hiyo, na mafaili unayatafuta kwenye nakala. Kosa baya kuliko yote ni kuikimbizia chkdsk, programu ya Windows ya kurekebisha diski, diski ya namna hiyo, inaandika na kupangapanga vitu kwenye kitu kinachovunjika. Na kama diski inagonga tak tak tak, zima. Hakuna programu hapo, hiyo ni ya wataalamu wanaofungua diski kwa vifaa vyake.

Kuna wanaosema si unapiga Windows halafu unarudisha na rikava, yaani programu za kurudisha mafaili yaliyofutwa. Kwenye diski za zamani za kuzunguka inawezekana, rikava inayoitwa PhotoRec inavuta picha nyingi kweli ingawa majina yote yanapotea unaanza kuzipanga moja moja. Kwenye SSD, zile diski mpya zisizozunguka, usitegemee, ikishafomatiwa mashine inaitaarifu SSD kwamba sehemu zile hazihitajiki na yenyewe inazisafisha. Laptopu ya dada ina SSD. Angekubali siku ile, ndo ilikuwa basi.

Kwa wasiotaka kuiona Linux kabisa ipo Hiren's BootCD PE, mafundi wengi wanayo, imejengwa juu ya Windows PE, Windows ndogo inayowaka kutoka kwenye flashi, kwahiyo sura ni ileile mliyoizoea, na kwa diski nzima isiyofungwa inafanya kazi hii vizuri tu. Mimi bado naichagua Mint kwasababu inaingia na vifaa vingi vya waifai bila kusumbua na ddrescue unaivuta hapohapo. Au kama una bisibisi na laptopu inafunguka kirahisi, toa diski uichomeke kwenye kompyuta nyingine kwa waya wa USB, njia hiyo inafaa zaidi pale ambapo ubao mkuu wa laptopu (motherboard) umeungua na hakuna kinachowaka.

Dada alipata vyote, tukafungua ripoti na picha kadhaa kwenye kompyuta nyingine kuhakikisha ni nzima, ndipo laptopu ikarudi kwa fundi ipigwe Windows, akaambiwa afute tu anavyotaka.

Alama naipa 9 kati ya 10. Moja nimeikata kwa ajili ya ule ujumbe wa kosa diski inapogoma kufunguka. Mtu wa kawaida akiuona anadhani mafaili yake yamekufa, anafunga, anarudi kwa fundi anamwambia piga tu, wakati kingekuwepo kitufe pale cha kuifungua kwa kusoma pekee angekuwa ameshamaliza.