Gari la matangazo la Tabata: nimelikodi mara mbili, kwa Ukawa na kwa harusi

Naanza na bei maana najua ndiyo mnayoitafuta. Kirikuu moja, spika nne juu, jenereta, maiki mbili na kijana wa kuongea: mwaka 2015 tulilipa laki na nusu kwa siku, mafuta juu yetu. Mwezi uliopita, kwa harusi ya binti yangu, nimelipa laki mbili na nusu. Zile spika mbili za mbele nina hakika ni zilezile, zimepakwa rangi tu.

Sauti ni safi, inafika mtaa wa pili bila kukwaruza. Muda ndio ulionifurahisha zaidi: mwenye gari aliniahidi saa mbili asubuhi, saa mbili kasorobo alikuwa mlangoni. Kijana wa maiki anaongea kupita kiasi, mwambieni mapema. Jenereta lina moshi, msiliweke upande wa wali.

Ila mtu wa kukodisha vyombo humjui kwenye harusi. Mimi nilimjua kwenye kampeni za uchaguzi mkuu wa 2015, za Ukawa, ule muungano wa vyama vya upinzani, nikiwa mweka hazina wa tawi la CUF jimbo la Segerea, hapa Dar es Salaam.

Kwenye kata tulishakubaliana na Chadema: mgombea udiwani mmoja, gari moja, gharama nusu kwa nusu. Kikao kilifanyika kwenye mabenchi ya mama ntilie na hakikumaliza saa nzima. Tungebishania nini? Tunazikana, tunachangiana, na mtaro unaofurika ukaingia kwao ndio huohuo unaoingia kwetu. Udiwani tukawaachia wao. Kijana wetu aliyekuwa anautaka alinuna wiki nzima, halafu akaja mwenyewe kubeba spika. Bendera zilikaa mbili, moja kila upande wa kioo. Kona hii kijana wa maiki anapaza "Haki!" na sisi "Sawa kwa wote!", kona ya pili "Lowassa!", mgombea urais wetu sote, na wao "Mabadiliko!" Mpaka watoto wakawa wanachanganya.

Balaa likaja kwenye ubunge. Wakubwa wa Ukawa, yaani Chadema, CUF, NCCR-Mageuzi na NLD, walikuwa wanaachiana majimbo, lakini Segerea walishindwa kuachiana. CUF wakamsimamisha Julius Mtatiro, Chadema wakamsimamisha Anatropia Theonest. Siku ya tatu ya kampeni mwenye gari akazima jenereta katikati ya barabara, akanigeukia.

"Mama, mbunge nimtangaze nani?"

Nikasema Mtatiro. Katibu wa Chadema, aliyekuwa amekaa kiti cha mbele, akasema Anatropia.

"Basi natangaza rais na diwani. Mbunge mtamalizana wenyewe."

Na kweli, gari letu lilizunguka mpaka siku ya mwisho bila kumtaja mbunge. Hiyo ndiyo sababu nampa mwenye gari nyota nne. Alikuwa mtu pekee pale mwenye msimamo.

Tarehe 25 Oktoba bibi mmoja jirani yangu alikwenda kituoni "kumpigia Ukawa". Kwenye karatasi hakuna neno Ukawa. Kuna picha, jina la chama na nembo, na yeye akakuta za CUF na za Chadema zote mbili. Hakuwahi kuniambia alitia tiki wapi. Jimbo akalichukua Bonnah Kaluwa wa CCM.

Sasa tazameni majirani zetu. Temeke na Kinondoni waliachiwa CUF. Ubungo, Kibamba, Kawe na Ukonga wakaachiwa Chadema. Yote sita yakaenda upinzani. Madiwani nao walipounganisha kura zao, Ilala ikapata meya wa Chadema na naibu wa CUF, na Machi 2016 wakachukua umeya wa Jiji. Kwa hiyo anayeniambia kuunganisha vyama vidogo hakufai kitu, namuuliza Dar ile ilitoka wapi.

Lakini siwalaumu sana walioshindwa kuachiana, maana mimi ni mtu wa hesabu. Viti maalum vya Bunge, vile vya wanawake, vinagawanywa kwa kura za ubunge za nchi nzima, na chama kisichofika asilimia 5 hakipati hata kimoja. Ukimpisha mwenzako jimbo, umempa na kura ambazo wewe ungezitumia kudai viti. Waulizeni NCCR. Walipisha majimbo mengi, wakaambulia mbunge mmoja, James Mbatia wa Vunjo, na viti maalum sifuri. Mwenye kupisha ndiye anayelipa bili yote, na makubaliano ya 2015 hayakuwa na namna ya kumrudishia.

Kwa hiyo kwa udiwani, shirikianeni tu, hata kesho. Kwa ubunge, msikodi gari kabla jina moja halijaandikwa na kusainiwa, na aliyepisha ajue anafidiwa nini.

Kuna shemeji yangu huwa ananicheka: Mtatiro alihamia CCM 2018, Lowassa naye akarudi CCM 2019, nyie mlikuwa mnampigia nani kelele? Namjibu kwamba mimi gari sikulikodi kwa ajili ya Mtatiro. Nililikodi kwa ajili ya mtaro. Mtaro ulichimbwa, ingawa sasa hivi umeziba tena kwa sababu watu wanatupa pampasi humo.

Jambo la mwisho kwa mtakaomkodi: anaandika kila kitu kwenye daftari na hafuti. Siku ya harusi, nimeshamlipa, akafungua kurasa za nyuma kabisa akanionyesha: "Ukawa, 75,000." Ni siku ya mwisho ya kampeni. Nusu yetu tulilipa, nusu ya Chadema ilibaki, ila yeye hakuandika Chadema. Nikamwambia hilo si deni langu. Akaniuliza, "Kwani Ukawa ni nani?"

Nimelipa. Yule katibu wa Chadema alikuwepo harusini na mkewe, akaniletea 40,000 kabla ya keki. Namdai 35,000.