Ukristo na Uislamu: njia mbili za kuenea

Ukristo ulikaa karibu miaka 300 bila dola. Wafuasi wake walikutana majumbani, wakaandamwa na watawala wa Roma, hadi mwaka 313 Konstantino alipowapa uhuru wa kuabudu. Mwaka 380 Theodosio akaufanya dini ya dola.

Uislamu ulikwenda kasi zaidi. Baada ya Hijra ya 622, yaani kuhama kutoka Makka kwenda Madina, Mtume Muhammad (S.A.W.) aliongoza ibada na mji wa Madina kwa pamoja. Alipofariki 632, sehemu kubwa ya Bara Arabu ilikuwa chini yake. Kufikia 642 Misri ilikuwa imeshatoka mikononi mwa Wabizanti, yaani dola ya Roma ya Mashariki.

Wengi hukosea hapa, wakidhani kutawaliwa na kusilimu vilikwenda sambamba. Wamisri wengi walibaki Wakristo wa Kikopti kwa karne kadhaa, wakilipa jizya, kodi ya wasio Waislamu, na kuendelea na makanisa yao. Huko Ulaya, Charlemagne, mfalme Mkristo wa Wafaranki, aliwawekea Wasaksoni, watu wa kaskazini mwa Ujerumani, sheria ya kifo kwa anayekataa ubatizo. Kwa hiyo ile kauli kwamba dini moja ilienea kwa upanga na nyingine kwa mahubiri haisimami kabisa.

Kinachonigusa zaidi ni Aksum, Ethiopia. Takribani 615, Waislamu walioteswa Makka walikimbilia kwa Najashi, mfalme Mkristo. Mapokeo ya Kiislamu yanasimulia kwamba Ja'far bin Abi Talib alimsomea aya za Surat Maryam, mfalme akatokwa na machozi, akakataa kuwakabidhi kwa wajumbe wa Kikuraishi, kabila lililotawala Makka. Ja'far alikaa huko hadi 628.