Matufe ya Kioo Kutoka Kariakoo: Tathmini ya Kazi ya Mafundi wa Faiba

Duka moja la mafundi wa faiba huko Kariakoo, ambalo kazi yake ya kila siku ni kuunganisha nyaya za intaneti zilizokatika, limetutengenezea mikrorezoneta za mwanga, yaani matufe madogo ya kioo yanayonasa mwanga na kuuzungusha ndani yake, kwa ajili ya maabara ya wanafunzi, na kwa upande wa umbo kazi hiyo naipa alama za juu kabisa. Faiba ya kawaida ya mawasiliano ina kipenyo cha mikromita 125. Fundi huivua ganda la plastiki, huisafisha kwa spiriti, kisha huielekeza ncha yake kwenye cheche ya umeme ya mashine ya kuunganishia, ambapo silika, yaani kioo cha faiba, huyeyuka na mvutano wa uso wake wenyewe huikusanya ikawa tufe. Fundi wetu aliizungusha faiba baada ya kila mpigo wa cheche ili tufe lisielemee upande mmoja, jambo ambalo hatukumwomba, na chini ya hadubini hatukuona mkwaruzo wala pembe.

Uviringo huo ndio roho ya kifaa. Mwanga ulioingia kwenye tufe huakisiwa na ukuta kwa ndani na kuzunguka mara nyingi sana, na pale mzunguko mmoja unapolingana na idadi kamili ya urefu wa wimbi, nguvu yake hukua. Mwaka 1961 watafiti wa Bell Labs, maabara ya utafiti ya Marekani, walipata leza kwa njia hiyo ndani ya matufe ya kalsiamu floridi yaliyotiwa elementi ya samari. Tufe hutumika pia kama kipimo: protini zikinata juu ya uso wake, njia ya mwanga hurefuka kidogo mno, lakini mabadiliko ya urefu wa wimbi hupimika. Joto nalo huusogeza urefu huo wa wimbi kwa takriban pikomita 10 kwa kila nyuzi moja ya Selsiasi, kwa mwanga wa nanomita 1550. Tulipokaribisha tufe kwenye prizimu iliyomulikwa na leza nyekundu, ukanda mwembamba uling'aa kwenye ikweta yake, na wanafunzi walikataa kuondoka.

Kasoro iko kwenye ufungaji. Tulikabidhiwa matufe ndani ya mfuko wa nailoni, yakigusana, katika jiji ambalo hewa yake hubeba unyevu wa bahari mwaka mzima. Mwaka 1996 watafiti waliripoti tufe la silika lenye kipimo cha Q, yaani uwezo wa kuhifadhi mwanga, cha karibu bilioni 8, na wakaonyesha kwamba maji yanayonata juu ya uso hukishusha. Kwa hiyo nenda na chombo chako kinachofunga vizuri, chenye vidonge vya kukausha hewa, na ushike shina pekee, yaani kipande cha faiba kinachobeba tufe. Kwa maonyesho ya darasani na majaribio ya joto, huduma hii inatosha na bei yake ni ya haki. Kwa kupima protini, panga matufe yayeyushwe siku ileile ya jaribio.