Krimu ya kwapa "ya asili" iliyoniunguza, na muuzaji aliyeniambia nivumilie

Jina silitaji. Ni zile krimu za kwapa za kikopo, unachota kwa kidole, na juu imeandikwa kwa herufi kubwa kwamba ni asili tupu. Mteja akikuambia ngozi inamuunguza, usimwambie aendelee kupaka. Hilo tu ndilo lililonifanya niandike.

Siku za mwanzo niliisifu kila mahali. Ilikata kikwapa kutwa nzima, hadi nikamshawishi mdogo wangu naye anunue. Kama wiki ya pili hivi, mwasho ukaanza, ule wa kukuamsha usiku ukakuta kucha zimeshafika kwapani. Ukafuata wekundu, kisha ngozi ikakakamaa na kupasuka kwenye mikunjo. Jasho likipita pale, machozi yanakutoka.

Nikamwandikia muuzaji kwa adabu, na picha nikatuma. Akajibu: "Usijali mpenzi, hiyo ni ngozi inatoa sumu za deodoranti ulizotumia zamani. Vumilia, ongeza kupaka." Nilipouliza tena, akasema labda sinawi vizuri. Sinawi vizuri! Mtu ninayeoga asubuhi na jioni! Neno hilo lilinichoma kuliko krimu yenyewe, na likaniharibia zaidi, kwa sababu nilianza kusugua kwapa kwa dodoki na sabuni kali huku naendelea kupaka kama nilivyoambiwa.

Hakuna sumu inayotoka pale. Jasho kwa sehemu kubwa ni maji na chumvi; kazi ya kusafisha damu ni ya ini na figo. Kilichoniunguza kilikuwa kimeandikwa chini ya kikopo kwa herufi za kutafuta kwa tochi: bekingi soda. Ngozi yenye afya ina asidi kidogo, pH yake (kipimo cha asidi; namba ikipanda, asidi inapungua) ni karibu 5. Bekingi soda ikiyeyuka inapita 8, na kwenye kipimo hicho kila hatua moja ni mara 10. Kitu hicho unakipaka mahali penye joto, unyevu na msuguano wa kutwa, tena pengine umetoka kunyoa. Ngozi itahimili vipi?

Aliyenisaidia ni mfamasia mmoja, mama mtu mzima. "Mwanangu, inua mkono nione." Alitazama kwanza pameharibika wapi. Kwangu palipowaka ni katikati, kwenye shimo la kwapa. Akasema mzio wa nguo au rangi yake mara nyingi hushika pembezoni na kuliacha shimo, ila kinachopakwa huwasha pale pale kinapopakwa. Akatafuta vile vipele vidogo vinavyosambaa pembeni ya wekundu, dalili ya fangasi, hakuviona. Akauliza kama huwa napata majipu yanayorudi rudi kwapani, maana huo ni ugonjwa mwingine wa kupeleka kwa daktari, na hautokani na uchafu. Dakika chache tu, bila dharau yoyote.

Nilikuwa nimeshika mkononi tyubu ya krimu ya mchanganyiko, ile yenye steroidi kali (dawa ya kutuliza wekundu na mwasho), dawa ya fangasi na antibiotiki humo humo. Akanikataza. Ngozi ya kwapa ni nyembamba, steroidi kali hupenya upesi na inaweza kuacha michirizi isiyofutika. Na kama ni fangasi, wekundu hufifia huku fangasi wenyewe wanaenea. Akanipa haidrokotizoni ya asilimia 1, steroidi hafifu, nipake kidogo kwa siku chache basi. Vingine vyote niliacha, hata sabuni ya manukato. Maji matupu, kitambaa kilicholoweshwa maji baridi mwasho ukizidi, mafuta ya mgando yasiyo na harufu, fulana za pamba zilizolegea. Siku ya tatu nililala hadi asubuhi.

Sasa nitende haki. Mdogo wangu anaitumia mpaka leo na hana hata kipele. Harufu inakata kweli. Nilipoanza kuandika nilikuwa nimeamua kuipa nyota 3 na kusema inawafaa wenye ngozi ngumu.

Lakini hapana. Kila nikijitazama weusi uliobaki, ambao yule mama alinionya utachukua miezi kufifia, nyota 3 naona ni kujidanganya. Kutonifaa si kosa lao. Kosa ni kuniambia maumivu yangu ni dalili njema. Nyota 1.

Kama bado unaitaka, paka kidogo ndani ya mkono karibu na kiwiko, mara 2 kwa siku, siku 7 mfululizo, kabla haijagusa kwapa. Siku moja haitoshi, kwa kuwa mzio unaweza kuchukua siku 2 au 3 kujitokeza. Na neno "asili" lisikutulize: mafuta ya maua na ya ndimu nayo huleta mzio.

Niliwaomba waandike hilo la kujaribu kwanza kwenye kikopo, mstari mmoja tu. Ujumbe wameusoma, jibu hakuna. Juzi nimeona mteja mwingine amewatumia picha ya kwapa kama langu lilivyokuwa. Wamemjibu: "Vumilia mpenzi, ni sumu inatoka."