Ushauri wa kozi pale steshenari, Ngamiani, Tanga: nyota nne, ya tano nimeizuia

Mimi ni fundi cherehani, mambo ya vyuo nayasikia kwa wateja. Binti yangu Zuhura kamaliza kidato cha sita, PCB (fizikia, kemia na biolojia), na udaktari wa meno anayataka tangu darasa la tano. Kaka yangu aliyeko Columbus, Ohio, akapiga simu: mleteni huku, nitamsomesha. Sawa, lakini asome nini? Hapa kwetu ukitoka PCB na maksi zako unaingia Muhimbili udaktari wa meno moja kwa moja, miaka 5. Marekani kwa kawaida unamaliza kwanza digrii nyingine, miaka 4, ndipo unaomba chuo cha meno, miaka 4 mingine.

Nilianzia kwa wakala mmoja wa vyuo, jina nalimeza. Laki moja ya kufungua faili. Kijana wa tai hata macho hakuyatoa kwenye simu: "Meno ni biolojia tu, mama. Ukisoma kingine wanakukataa." Dakika saba, nikatoka na kalenda ya ukutani.

Shoga yangu wa Chumbageni ndiye aliyenielekeza steshenari. Kwa mbele fotokopi na madaftari. Nyuma, pembeni ya mashine, kuna meza ya mwalimu mstaafu wa kemia. Kikao shilingi 15,000. Tulikaa saa moja na nusu.

Baada ya shikamoo na marahaba hakuuliza maksi. Alichukua karatasi, akaikunja mara mbili, akaitoboa kwa kile kidude cha kutobolea, akamuuliza Zuhura: nikiikunjua, matundu yatakuwa mangapi, na yatakaa wapi? Mtoto akaanza kuhesabu kwa vidole. Mimi nikasema manne, nikaonyesha na mahali. Si ndivyo tunavyokata shingo ya gauni? Unakunja kitambaa mara mbili, unakata robo, ukikikunjua umepata duara. Mwalimu akasema, "Mama Zuhura, wewe ndiye uliyefaulu." Kumbe maswali ya namna hiyo yamo kwenye DAT, mtihani wa kuombea vyuo vya meno vya Marekani: kuna sehemu nzima ya kupima jicho, maswali 90 kwa dakika 60. Kukunja, kutoboa, kuhesabu vipande vya mchemraba, kulinganisha pembe. Hakuna digrii inayokufundisha hayo, alisema, kwa hiyo usichague kozi kwa kuogopa mtihani.

Ndipo akaingia kwenye kozi yenyewe. Vyuo vya meno vya kule havidai digrii ya jina fulani. Vinadai masomo: biolojia, kemia ya jumla, kemia ya oganiki, fizikia, na maabara zake, vingi vinataka na biokemia, yaani kemia ya viumbe hai. Waombaji wengi husoma biolojia kwa sababu masomo hayo karibu yote yamo njiani, lakini hata aliyesoma historia anaweza kuomba akiyaongeza pembeni. Fizikia haimo kwenye DAT, ila vyuo vinaitaka, watu wanaisahau mpaka mwaka wa mwisho. Na mfumo wa maombi unaotumiwa na vyuo vingi, AADSAS, unapiga wastani wa masomo ya sayansi peke yake, mbali na ule wa jumla. Yaani ukijipachika kwenye kozi inayokuvunja mgongo, huna pa kuificha.

Akamgeukia Zuhura. "Ukikosa nafasi ya meno, digrii hiyo utaifanyia nini?" Mtoto akanyamaza. Kemia anaipenda kuliko biolojia, matokeo yake yanaonyesha, ila nyumbani hakuwahi kulisema kwa sababu sote tulikuwa tunaimba biolojia. Alitoka pale na biokemia kwenye karatasi, kwa mwandiko wake mwenyewe.

Swali lililonikata maini liliniangukia mimi: "Mjomba analipa miaka minne au minane?" Loh! Hakuna aliyeuliza. Chuo cha meno cha kule ni ghali mno, na mikopo ya serikali yao mgeni wa viza ya masomo hapewi. Akasema pia upande wa pili: akisoma Muhimbili halafu akataka kufanya kazi Marekani, mara nyingi atarudi darasani miaka miwili au mitatu. Hakutusukuma popote. Kaka nimempigia, kasema atanijibu.

Sasa nyota niliyoizuia. Mashine ya fotokopi inaunguruma sikioni kikao kizima, na kila mwanafunzi mwenye swali la "kopi shilingi ngapi" anamkatiza mwalimu, naye anajibu! Feni haikuwaka. Orodha ya masomo aliyotuchapia, kurasa sita, nililipia tena juu ya ile 15,000, bila kuambiwa mapema. Hilo halikunipendeza.

Mkienda, bebeni matokeo yenyewe, siyo ya kwenye simu, kioo chake mwalimu hakioni. Na mfike kabla ya saa nne asubuhi, wanafunzi hawajajaa.