Ukingo uliokunjwa na jeki: kunyoosha au kukata na kuchomelea?

Jeki ikiwekwa nje ya alama zake chini ya gari, ukingo wa bati chini ya mlango hulala. Kama umelala tu, nyoosha. Ubane kwa koleo la kujifunga, uvute kidogo kidogo, kisha ugonge kwa nyundo huku chuma kizito kikiegemea upande wa pili. Ukivuta kwa mkupuo mmoja, bati hupasuka kwenye mkunjo. Piga msasa, praima, halafu rangi.

Kukata na kuchomelea ni kwa bati lililooza au kupasuka. Chomoa betri kwanza. Moto wa kuchomelea huunguza rangi ya ndani, mkono usikofika, na kwa unyevu wa Mwanza kutu huanzia hapo. Nyunyizia nta ya kuzuia kutu ndani kupitia matundu ya bati yenye vizibo. Puti (lipu ya kuziba bati) hapa? Jeki ya kwanza tu huibandua.