Albamu za roki na metali za kulipia kwanza kama unasikilizia sabufa

Kwenye vibanda vya kujaza nyimbo pale Mwanjelwa, Mbeya, utapata singeli, injili na Bongo Fleva mpaka flashi ijae. Ukiulizia metali, yaani roki nzito kuliko zote, utarudishiwa swali. Ndiyo maana mpenzi wa magitaa mazito, awe Mbeya, Iringa au Njombe, hununua mtandaoni kwa kadi pepe ya pesa za simu, anapakua kwa bando, kisha anapiga kwenye sabufa. Na hapo ndipo hela inapopotea, kwa sababu albamu iliyong'aa studio inaweza kugeuka uji ikifika chumbani Uyole. Tumezipanga hizi kwa kipimo hicho, siyo kwa ukubwa wa jina la bendi.

Kabla ya kulipa, piga hesabu ya bando. MP3 ya kiwango cha 320 kbps inakula MB 2.4 kwa kila dakika. FLAC, faili lisilopunguza ubora wa sauti, kwa muziki mzito hufika MB 6 hadi 8 kwa dakika, na sabufa nyingi zenye tundu la flashi haziisomi kabisa. Chukua MP3. Bandcamp, duka la muziki la mtandaoni, inakuruhusu kupakua tena ulichokwisha kulipia, kwa hiyo FLAC unaweza kuifuata siku ukipata kifaa cha maana. Faili la zipu, albamu nzima iliyofungwa pamoja, likikatika njiani halifunguki, na MB zako zimekwenda. Pakua usiku mtandao ukiwa umetulia.

Namba moja ni Funeral for Justice ya Mdou Moctar, Mtuareg wa Niger, iliyotoka Mei 2024. Ni dakika 38 hivi, yaani MB 90 tu. Sikio lililolelewa na muziki wa dansi halitapotea humu: gitaa la solo liko mbele, linazunguka na kupanda, ila limekwaruzwa na kuongezewa kasi. Sauti zake nyingi ziko juu na katikati, mahali ambapo hata spika ndogo haihangaiki. Anaimba kwa Kitamasheki, na wimbo wa Oh France unaisema Ufaransa bila kupakapaka mafuta. Mwaka 2025 nyimbo hizohizo zilitoka upya kwa magitaa yasiyo ya umeme, kwa jina la Tears of Injustice. Ni nzuri, lakini usianze nayo.

Ya pili ni Fortitude ya Gojira, bendi ya Ufaransa, ya Aprili 2021. Dakika 52, MB 125. Aliyechanganya sauti ni Andy Wallace, na kazi yake inasikika: dramu ina nafasi yake, besi ina yake. Kwa anayeingia kwenye metali leo, mlango ndio huu. Wimbo wa Amazonia ulitolewa kuchangia watu wa asili wa Brazili.

Tukiulizwa ipi ni bora kuliko zote kwa muziki wenyewe, jibu ni Absolute Elsewhere ya Blood Incantation wa Denver, Marekani, ya Oktoba 2024, iliyorekodiwa studio za Hansa, Berlin. Imekaa ya tatu kwa sababu ya vifaa vyetu. Ina tungo mbili tu, The Stargate na The Message, kila moja imekatwa vipande vitatu vinavyoingiliana bila kituo. Kuna mngurumo wa koo, halafu ghafla kinanda kinatanda kama ukungu wa mlima Loleza asubuhi. Sasa iweke kwenye flashi. Kifaa kikipanga faili kwa alfabeti, The Message inatangulia The Stargate, umeanza hadithi katikati. Vingine hufuata mpangilio wa kunakili. Dawa ni kuandika 01 hadi 06 mwanzoni mwa kila jina, kisha kunakili moja baada ya moja. Ule mkato mfupi kati ya vipande hautaondoka kwenye sabufa ya bei nafuu. Simu yenye programu nzuri ya muziki inaumaliza.

Invincible Shield ya Judas Priest, Machi 2024, ni ya nne, na haihitaji maelezo mengi. Mwimbaji wao, Rob Halford, alikuwa na miaka 72 na bado anapasua anga. Ukipenda metali ya zamani, ipandishe hadi ya pili.

Ya mwisho ni 72 Seasons ya Metallica, Aprili 2023. Nyimbo 12, dakika 77, MB 185, na wa kufunga, Inamorata, peke yake unapita dakika 11. Gitaa ni tamu, ila nyimbo kadhaa zingekatwa dakika mbili na asingelalamika mtu. Isikilize bure kwanza.

Duma, albamu ya 2020 ya bendi ya Nairobi yenye jina hilohilo, hatukuipa namba. Jina ni la Kikikuyu, maana yake giza, si yule mnyama. Ni kelele zilizopangwa kwa ustadi, na spika za masikioni za bei ya chini zitakwaruza usijue ipi ni bendi na ipi ni spika kufa.

Kuhusu sabufa yenyewe: shusha kitufe cha besi hadi robo, pandisha treble, yaani sauti za juu, ipite nusu. Teke la dramu, gitaa la besi na gitaa lililolegezwa nyuzi vyote vinagombania sauti za chini, na sabufa imetengenezwa kuzivimbisha hizohizo. Itoe kwenye kona, iache kama nusu mita kutoka ukutani, maana kona inaongeza besi. Tumia waya badala ya bluutuu. Na sauti ikishapita robo tatu, inayokwaruza si gitaa tena, ni amplifaya imeishiwa nguvu.